Fahamu: Nani anamwangalia mwangalizi wa mgonjwa Kampemba?

Kampemba, kama kwingine Lubumbashi, mzee aliyepooza au mgonjwa wa akili hulelewa nyumbani, mara nyingi na mwanamke mmoja asiyelipwa.

Zamani Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilibeba sehemu ya mzigo huo kwa familia za wafanyakazi wake: mshahara, hospitali, shule, mgao wa unga wa mahindi. Katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi wake 10,000 waliacha kazi. Wengi wao sasa ni wazee, na anayewahudumia ni binti au mkwe.

Kwa magonjwa ya akili, jiji lina kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha watawa wa Frères de la Charité. Lakini skizofrenia hutibiwa kwa miaka, na dawa humezwa nyumbani. Mgonjwa akipata nafuu akaziacha ghafla, mara nyingi ugonjwa hurudi. Hapo jirani hunong'ona uchawi, na familia huanza kuzunguka vyumba vya maombi. Maombi yaendelee, dawa zisikatwe bila daktari.

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya 2006 inawapa wazee na wenye ulemavu haki ya ulinzi maalumu. Mwangalizi haimtaji, na hilo linauma. Asipolala, akilia ovyo au akianza kumpiga mgonjwa, naye anahitaji muuguzi. Ndugu walioko Likasi au Kolwezi wanaotuma franga wanasaidia kweli, ila waje pia washike zamu.