Neno Moja, Vifaa Viwili: Sola katika Nyumba za Kwale

Kutoka Diani hadi Msambweni, neno "sola" hutumiwa kwa vifaa viwili tofauti vinavyowekwa juu ya paa. Paneli ya umeme hutegemea mwanga wa jua; kikusanyajoto hutegemea joto lake. Katika kikusanyajoto, bamba jeusi lililofunikwa kwa kioo hupasha maji mabombani. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi kwenye tangi lililo juu, nayo ya baridi hushuka kushika nafasi yake, bila pampu.

Je, joto hilo laweza kuzalisha umeme wa nyumbani? Maji yakifika nyuzijoto 70 hali hewa ina nyuzijoto 30, hata mtambo bora hauwezi kugeuza zaidi ya thumuni ya joto hilo kuwa umeme. Umeme wa joto huhitaji vioo vya kukusanya miali na mvuke mkali. Ndiyo maana kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilikitaja kikusanyajoto kwa ajili ya maji moto tu, katika majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 kwa siku.

Hivyo basi, anayenunua kifaa kimoja akitarajia kazi ya kingine hupoteza fedha zake.