Majivu ya Babu wa Treni



Baadhi yenu mlituona asubuhi ya Jumamosi moja tumesimama katika stesheni ya Leeds, tumevaa makoti mazito, pamoja na familia ya Kiingereza iliyokuwa imebeba mkoba wa kitambaa. Tangu siku ile mmekuwa mkituuliza tulikuwa tukienda wapi, na wengine mmeuliza kwa sauti ya lawama. Basi mwezi huu tumeona tuieleze safari ile tangu mwanzo. Ndani ya mkoba ule alikuwamo jirani yetu.

Wengi mnamkumbuka. Watoto wetu walimwita Babu wa Treni, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Aliingia kazi ya reli akiwa na umri wa miaka 15, akaanza kwa kuosha injini za moshi, kisha akapanda cheo na kuwa mtia makaa. Kazi hiyo aliifanya mpaka Agosti 1968, wakati reli ya taifa ya Uingereza ilipoacha kuendesha treni zake za kawaida kwa injini za moshi, akahamishiwa kwenye dizeli, akaendesha huko hadi alipostaafu. Sisi tulipohamia mtaa ule hatukujua hata taka hutolewa nje siku gani. Yeye ndiye aliyetugongea mlango na kutufahamisha. Tangu hapo hapakupita wiki bila ya kuja kunywa chai ya iliki, na kaimati alikuwa akizila kwa idadi ambayo mkewe hakuambiwa.

Alifariki wakati wa baridi. Tulikwenda kumpa mkewe pole, tukapika, tukapeleka chakula kwa siku kadhaa kama ilivyo desturi yetu, jambo ambalo lilimshangaza sana Bibi yule, kwani kwao mfiwa ndiye anayewaandalia wageni chai. Tulijua kuwa mzee atachomwa. Siku ya kuchomwa hatukwenda, na hakuna aliyetuuliza.

Ni vyema tuseme hapa kwamba Waingereza hawakuwa na desturi hii tangu zamani. Kwa karne nyingi walizika maiti zao ardhini, katika viwanja vya makanisa. Mwaka 1884 daktari mmoja wa Wales, William Price, alishitakiwa kwa kujaribu kuuchoma mwili wa mwanawe mchanga, na hakimu akaamua kuwa kuchoma maiti si kosa la jinai maadamu hakuwaletei watu wengine adha. Mwaka uliofuata maiti ya kwanza ilichomwa kwa utaratibu rasmi katika tanuri la Woking, na mwaka 1902 ikatungwa sheria ya kuisimamia kazi hiyo. Leo zaidi ya robo tatu ya wanaokufa katika nchi hii huchomwa. Kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa ikawa unga wa kijivu wenye uzito wa kilo mbili hivi au tatu, wakakabidhiwa jamaa zake. Hapo ndipo linapoanza swali ambalo sisi hatunalo: wauweke wapi?

Wako wanaouzika unga huo, na wako wanaouweka juu ya kabati miaka na miaka. Wapenzi wa reli wana mambo yao. Baadhi ya reli za kumbukumbu, zile zinazoendeshwa kwa injini za zamani, hukubali majivu ya mtu yatiwe kwa koleo ndani ya tanuri la injini, ili atoke kwa bomba la moshi treni ikiwa katika mwendo. Tulipolisikia hilo tulidhani tunafanyiwa mzaha. Wengine huchagua daraja, au stesheni ndogo, au kilima ambacho mtu alizoea kusimama na kamera yake. Hata askofu mmoja mashuhuri wa Wakefield, Eric Treacy, aliyejulikana kwa picha zake za treni kuliko pengine kwa hotuba zake, mauti yalimkuta mwaka 1978 katika stesheni ya Appleby, akiwa amekwenda kupiga picha za injini ya moshi. Waliompenda husema hakuna mahali pengine ambapo angalipenda kufia.

Babu wa Treni aliacha barua. Aliandika kuwa majivu yake yamwagwe mahali linapoonekana daraja la Ribblehead, na chini yake akayaandika majina ya wale anaotaka wawepo. Majina yetu yalikuwamo.

Bibi alipotuletea barua ile hatukumjibu papo hapo. Usiku ule tulikaa kikao, na maneno yalikuwa makali. Mzee wetu mmoja, ambaye hatumtaji kwa kuwa atajitambua mwenyewe, alisema kuwa kuchoma maiti ni kumdhalilisha mwanadamu aliyetukuzwa na Mola wake, na kwamba mwenye kwenda kushuhudia mwisho wa kitendo ni kama aliyeshuhudia mwanzo wake. Akatukumbusha habari ya wana wawili wa Adam, na kunguru aliyefukua ardhi kumfundisha muuaji namna ya kumsitiri nduguye. Udongo, alisema, ndio tuliofundishwa, si moto. Hakuna aliyempinga katika hilo. Lakini mama mmoja alisimama akauliza swali moja tu: siku tuliyomzika mumewe, mvua ikinyesha, ni nani aliyekuwa amesimama nyuma ya safu zetu, kofia mkononi, kichwa kitupu, mpaka udongo wa mwisho ulipotiwa? Sote tulijua ni nani.

Tukampelekea sheikh suala letu. Alitusikiliza bila ya haraka. Akasema kuchoma maiti kwetu ni haramu na hakuna mjadala, na kwamba katika ibada za watu wa dini nyingine hatushiriki, ama haki ya jirani ipo, awe Mwislamu au asiwe, na Mtume (S.A.W.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi. Kisha akatusimulia hadithi ambayo wengi wetu hatukuwa tumeisikia: ya mtu wa zamani aliyejiona amezama katika madhambi, akawausia wanawe wamchome atakapokufa, wamsage, na siku ya upepo mkali wamtawanye. Wakafanya hivyo. Mwenyezi Mungu akamkusanya, akamuuliza kilichomfanya aamrishe vile, akajibu kuwa ni kumwogopa Yeye, akasamehewa. Sheikh alihadharisha kuwa hadithi hii si ruhusa ya kuchoma. Alitutajia, alisema, ili tusidhani kwamba kuna upepo unaoweza kumtawanya mtu mbali na uwezo wa Muumba wake. Akatuacha tuamue wenyewe. Tulikwenda watu watano. Yule mzee alibaki.

Treni ya kwenda Carlisle hupita Settle, kisha huanza kupanda milima. Njia ile kutoka Settle hadi Carlisle ina urefu wa maili 73, na abiria walianza kuitumia mwaka 1876. Katika miaka ya 1980 serikali ilitaka kuifunga, kwa hoja kwamba matengenezo ya daraja la Ribblehead yangegharimu fedha nyingi mno. Watu wakaandika barua kwa maelfu, na mbwa mmoja aliyekuwa akisafiri sana na bwana wake alitiwa wino mguuni, unyayo wake ukahesabiwa miongoni mwa sahihi za wapingaji! Aprili 1989 serikali ikaghairi. Babu wa Treni alikuwa mmoja wa waandishi wa barua hizo, na mkewe alituambia kuwa mwaka ule walikula mikate mingi kuliko nyama kwa sababu ya gharama ya stempu.

Ribblehead ni stesheni ndogo katikati ya nyika, isiyo na mji. Daraja lenyewe lina matao 24, kimo chake ni kiasi cha mita 32 na urefu wake mita 400, na nyuma yake umekaa mlima Whernside. Lilianza kujengwa mwaka 1870. Wajenzi waliishi na wake zao na watoto katika vibanda vilivyotapakaa penye matope yale, ndui ikawaingia, na ajali kazini hazikukoma. Katika uwanja wa kanisa dogo la Chapel-le-Dale, karibu na hapo, walizikwa watu wapatao 200. Tulipoambiwa hayo tuliwakumbuka Wahindi walioletwa kuijenga reli yetu ya Mombasa hadi Kisumu baina ya mwaka 1896 na 1901, ambao wapatao 2,500 hawakurudi kwao. Wengi wetu tulipita juu ya reli ile utotoni tukiwa tumelala, vichwa mapajani mwa mama zetu.

Reli yenyewe haikanyagwi. Kuingia humo bila ya ruhusa ni kosa, na ni hatari. Lakini chini ya matao ipo njia ya waendao kwa miguu, na kijana wa mzee alikuwa amekwisha kuomba idhini ya wenye ardhi, kwani sheria za nchi hii hazikatazi kumwaga majivu maadamu mwenye mahali ameridhia. Alituambia pia kuwa haifai kuyamwaga kwa rundo wala karibu na kijito, kwa sababu unga wa mifupa una fosfati nyingi, nayo huugeuza udongo na kuua mimea iliyozoea ardhi maskini. Kwa hiyo walitembea polepole huku wakiyaachia kidogo kidogo.

Hapakuwa na padri wala sala. Kijana alisoma ukurasa mmoja wa daftari la kazi la baba yake: saa ya kuondoka, uzito wa mabehewa, hali ya hewa, dakika walizochelewa na sababu yake. Kisha tukangoja. Walikuwa wamepanga wamalize wakati treni ya mizigo ikipita juu, na treni ilichelewa dakika ishirini na tano. Baridi ilituingia mifupani. Tuliposikia mngurumo, Bibi aliugeuza mkoba, na wakati ule ule upepo ukageuka.

Mama yule wa kwetu aliyekuwa ameuliza swali kikaoni aliona vumbi la kijivu limekaa juu ya mkono wa koti lake. Akasita. Kulikung'uta aliona haya, kuliacha aliogopa. Bibi alimwona, akaangalia mkono ule, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, akasema mume wake hakuwahi kuondoka pahala bila ya kwanza kupitia kwetu kunywa chai. Akamfuta mwenyewe, kwa kitambaa chake, akakikunja akakitia mfukoni. Wote wawili walikuwa wakilia.

Tuliporudi garini kijana alitaka kutuchangamsha, akatuhadithia kuwa London iliwahi kuwa na treni ya maiti. Kuanzia mwaka 1854 iliondoka karibu na stesheni ya Waterloo ikapeleka majeneza katika makaburi ya Brookwood, na tiketi ya jeneza ilikuwa ya kwenda tu. Ilikoma baada ya stesheni yake kupigwa mabomu mwaka 1941. Nasi tukamjibu kuwa Brookwood tunaijua: huko ndiko walikozikwa Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, waliofasiri Kurani kwa Kiingereza, katika sehemu ya Waislamu iliyopatikana tangu miaka ya 1880. Bibi alikuwa kimya akisikiliza. Ghafla akatuuliza: "Na nyinyi je, mtazikwa wapi?"

Watu watano, na hatukuwa na jibu moja. Mmoja alisema Unguja, kisha akakumbuka kuwa huko hana tena wa kumpokea. Mwingine alisema Maskati kwa mwanawe. Wawili walisema hawajapata kufikiri.

Jambo hili lina upande wake wa sheria, nasi tumeona tulieleze. Kwa sheria ya mwaka 1984 ya Uingereza na Wales, kifungu cha 46, mtu akifa na pasitokee wa kumshughulikia, halmashauri ya mji ni lazima imzike au imchome. Kifungu hicho hicho kinaikataza kumchoma iwapo ina sababu ya kuamini kwamba mwenyewe hakutaka. Lakini itaamini vipi, ikiwa ndani ya nyumba hamna karatasi? Wako wazee wetu wanaoishi peke yao, mabaharia wa zamani hasa, ambao majirani zao hawajui hata dini yao. Tena wasia wa mazishi peke yake haumfungi msimamizi wa mirathi kisheria, kwa hiyo haitoshi kuandika. Yafaa amchague msimamizi anayeijua dini yake, na awaambie jamaa kwa mdomo. Karatasi isifungiwe kwenye sanduku, kwani sanduku hufunguliwa baada ya wiki. Iwekwe penye kuonekana.

Tumechapisha fomu fupi ya ukurasa mmoja, inapatikana msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Ya kwanza kurudi ilikuwa ya yule mzee aliyebaki nyumbani. Ameandika azikwe hapa hapa Leeds, asisafirishwe, na kaburi liwe karibu na stesheni kadiri iwezekanavyo. Tulipomuuliza sababu, alituambia kuwa wajukuu zake hawana gari.