Usidanganywe na Wekundu: Kuchuma Matufaha kwa Macho na Kiganja

Septemba ikiingia, mashamba ya matufaha ya Massachusetts na New Hampshire huwafungulia watu mageti. Familia hutoka Lowell, Worcester na Manchester, miji ambayo siku hizi Kiswahili si kigeni kanisani wala kwenye saluni za kusuka. Hulipia mfuko mlangoni, hupanda tela linalovutwa na trekta, kisha huteremka katikati ya safu za miti kujichumia. Hazipiti dakika nyingi utamwona mtoto ameliparamia tufaha jekundu kuliko yote, lililo juu upande wa jua. Analivuta kwa nguvu, linatoka na kitawi chake. Anang'ata mara moja, ukakasi unamjaa mdomoni, analitupa. Baba mtu anaguna kwamba shamba hili matunda yake si matamu.

Matunda ni matamu, ila wekundu ni jambo moja na kuiva ni jingine. Wekundu hutokana na rangi iitwayo anthosianini, ambayo ganda huitengeneza likipata jua kali mchana na baridi usiku. Tunda lililo nje ya mti linaweza kuiva rangi kabla halijaiva utamu, na lililojificha nyuma ya majani likawa tayari kabisa huku limepauka. Isitoshe, kwa miongo mingi wenye vitalu wamekuwa wakichagua matawi yaliyobadilika yenyewe na kuzaa matunda mekundu zaidi, kwa sababu sokoni mnunuzi hununua kwa macho. Aina ya Red Delicious ndiyo iliyoumizwa zaidi na tabia hiyo: kila toleo jipya likazidi wekundu, utamu ukabaki nyuma.

Kwa hiyo tazama pale ambapo wekundu haukufika, hasa kwenye kishimo cha kikonyo na kitakoni mwa tunda. Ukikuta kijani kibichi kama cha jani, liache. Ukikuta kijani kimefifia na kuelekea manjano hafifu au rangi ya malai, chuma. Kanuni hii haifanyi kazi kwa aina za kijani kama Granny Smith, lakini kwa nyingi utakazozikuta kaskazini-mashariki mwa Marekani itakutosha. Ukiwa na shaka, kata moja: mbegu nyeupe ni dalili kwamba umewahi.

Wakulima wenyewe wana kipimo cha uhakika zaidi. Hukata tunda katikati na kulipaka ayodini. Penye wanga panageuka buluu iliyokaribia weusi. Penye sukari panabaki peupe. Tufaha linapoiva wanga hugeuka sukari kuanzia kwenye kokwa kwenda nje, na chati ya Chuo Kikuu cha Cornell hupanga hatua hizo kuanzia 1, tunda jeusi lote, hadi 8, jeupe lote. Matunda ya kuwekwa ghalani miezi mingi huchumwa katikati ya safari hiyo, yakiwa bado na wanga. Hapo ndipo faida ya kwenda shambani ilipo: wewe unaweza kulisubiri tunda mpaka mwisho, jambo ambalo mfanyabiashara wa mbali hawezi. Jaribio hilo hata nyumbani linawezekana, kwa ayodini ya duka la dawa, mradi kipande kilichopakwa kisiliwe.

Muda nao una kauli yake. McIntosh na Honeycrisp huja Septemba. Cortland, Macoun na Empire hufuata, kuelekea Oktoba. Fuji na wenzake wachelewaji huvuta hadi mwisho wa Oktoba au baadaye kidogo. Umati mkubwa huja wikiendi ya Jumatatu ya pili ya Oktoba, ambayo ni sikukuu, na foleni ya magari wakati huo huweza kuwachosha watoto kabla hawajaona mti. Mimi ningekwenda Jumamosi nyingine, asubuhi na mapema, na pale mlangoni ningeuliza swali moja tu: safu zipi zimefunguliwa wiki hii? Shamba zuri hufungua safu zilizoiva na kufunga nyingine kwa kamba. Kamba hiyo isirukwe.

Honeycrisp hugombaniwa kuliko zote. Ilizalishwa Chuo Kikuu cha Minnesota ikatolewa kwa wakulima mwaka 1991, na kweli inapasuka mdomoni kwa maji na mlio. Lakini bei yake huwa juu, na kwa kuwa kila mtu anaitaka, safu zake huwa za kwanza kubaki majani matupu. Nafikiri Macoun ni tunda bora zaidi la majira haya ya mapukutiko, na walio wengi hulipita bila kulitazama. McIntosh, iliyogunduliwa mwaka 1811 na John McIntosh huko Ontario, Kanada, ni laini, ina harufu kali, na ukiipika inayeyuka yenyewe kuwa rojo. Cortland, mtoto wa McIntosh aliyezalishwa Geneva, jimbo la New York, hukawia kugeuka kahawia ukishaikata. Ndiyo ya kukatia kwenye kachumbari. Na tufaha kali lenye uchachu, ukilipaka chumvi na pilipili, mtu wa pwani atakuelewa bila maelezo.

Sasa mkono. Usivute. Lishike tunda kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole zinazoacha michubuko. Linyanyue juu kuelekea tawini na kulizungusha kidogo. Lililokomaa litaachia lenyewe, kikonyo kikiwa kimebaki kwenye tunda. Likigoma, bado. Sababu ya uangalifu huu haionekani kwa wageni wengi: mtufaha huzaa zaidi kwenye vitawi vifupi vinene, na pembeni mwa tunda unalolichuma leo kuna tumba la ua la mwaka ujao, lililoanza kujengwa tangu mwanzo wa kiangazi. Unaponyofoa tunda pamoja na kitawi, umebeba mavuno ya mwakani na huenda ya miaka mingine kadhaa, kwa kuwa kitawi kimoja huweza kuzaa muda mrefu.

Watu huuliza pia kwa nini miti ni mifupi kiasi cha mtoto kufika. Mtufaha uliokua kwa mbegu huweza kupita mita 8 na kukaa miaka saba hadi kumi bila kuzaa. Ule wa shamba la kisasa umebebeshwa: sehemu ya juu ni Macoun au Gala, sehemu ya chini ni shina la aina nyingine kabisa, lililochaguliwa kwa udhaifu wake wa kukua. Kazi kubwa ya kuyapanga mashina hayo ilifanyika East Malling, Kent, Uingereza, ambako kuanzia miaka ya 1910 Ronald Hatton na wenzake waliyakusanya kutoka Ulaya, wakayatofautisha na kuyapa namba. Maarufu zaidi ni M9. Mti uliobebeshwa juu yake huishia mita 2.5 hadi 3, huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu, na hupandwa kwa kubanana: mashamba ya zamani yalikuwa na miti mia moja hivi kwa hekta, ya sasa hufika 2,500 na kupita. Kasoro yake ni mizizi dhaifu inayovunjika, na ndiyo maana utaona nguzo na waya kila safu. Mtoto akiubembea mti huo, unaweza kung'oka. Anayekatazwa kupanda mti asidhani amebaguliwa.

Watoto wana swali lao, na ni zuri: tukipanda mbegu hii, tutapata Honeycrisp? Hapana. Mtufaha kwa kawaida hauwezi kujichavusha. Unahitaji chavua ya aina nyingine, kwa hiyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya na matokeo yake ni bahati nasibu, mara nyingi tunda dogo chungu. Kila McIntosh duniani ni kipande cha mti ule mmoja wa Ontario, kilichohamishwa kwa kubebesha kutoka mti hadi mti. John Chapman, Mmarekani wa Leominster, Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1774 na kuitwa Johnny Appleseed, alisambaza miche ya mbegu kuelekea magharibi. Watoto shuleni husimuliwa habari zake kama za mtakatifu. Ambacho hawasimuliwi ni kwamba matunda ya miche kama hiyo yalifaa zaidi kukamuliwa na kuchachushwa kuwa pombe.

Mfuko mdogo unaouzwa mlangoni huitwa peki na huchukua kilo 5 hivi. Busheli moja, ambayo ni peki nne, ni kilo 19 takriban. Piga hesabu utaona bei kwa kilo mara nyingi inazidi ya dukani. Usiende kwa kutafuta unafuu, basi. Unalipia maegesho, bima, matunda yanayoangushwa na wageni wenzako, na hatari za hali ya hewa. Usiku wa kuamkia 18 Mei 2023 baridi ya kugandisha ilipiga New England na New York miti ikiwa katika maua au matunda machanga. Maua yaliyochanua yakikaa nusu saa kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, moja kati ya kumi hufa. Yakifika karibu nyuzi 4 chini ya sifuri, hufa tisa. Yako mashamba ambayo mwaka huo hayakuwa na la kuchuma. Ujue vilevile kwamba safu za wageni kwa kawaida ni sehemu ndogo ya shamba. Nyuma huko wanachuma wafanyakazi wa msimu, wengi wao Wajamaika. Wajamaika wamekuwa wakija kufanya kazi mashambani Marekani tangu Vita vya Pili vya Dunia. Tazama mikono yao ukipata nafasi. Somo la kuchuma ambalo nimeliandika hapo juu kwa aya nzima wao hulimaliza kwa sekunde.

Yaliyoanguka chini yaache chini. Kulungu hupita usiku na kuacha kinyesi, na tunda lenye mchubuko hufyonza uchafu. Mwaka 1996 juisi ya matufaha isiyochemshwa iliyouzwa magharibi mwa Marekani na Kanada ilibeba bakteria wa E. coli O157:H7, watu zaidi ya 60 waliugua na mtoto mmoja akafariki. Juisi nzito ya kahawia inayouzwa shambani kwa magaloni siku hizi nyingi hupitishwa kwenye joto au mwanga wa urujuanimno. Ambayo haikupitishwa hubandikwa lebo ya onyo, nayo wasipewe watoto wadogo, wajawazito wala wazee. Kwa wanaojiepusha na kilevi: juisi hiyo ya magaloni haijachachuka ikiwa mbichi, na yenye pombe huuzwa mbali nayo, kwa kuonyesha kitambulisho. Uliza tu, wauzaji wamezoea swali hilo. Donati za moto zenye mdalasini hazihitaji ushauri wangu.

Nyumbani, kosa la kawaida ni kuyapanga kwenye bakuli zuri mezani. Tufaha lililochumwa bado linapumua na kutoa gesi ya ethilini, inayoharakisha kuiva, na kwenye joto la sebuleni hulainika mara kadhaa haraka zaidi kuliko karibu na nyuzi sifuri. Yatie kwenye mfuko wenye matundu, uweke friji, bila kuyaosha mpaka siku ya kula. Ule unga mweupe juu ya ganda mara nyingi ni nta ya tunda lenyewe. Yatenge na karoti, zitakuwa chungu. Na kama umenunua ndizi mbichi za kupika, zikae mbali kabisa, la sivyo utaamka umekuta ndizi za kuiva. Lililochubuka liliwe kwanza. Methali yetu imemsingizia samaki peke yake, lakini tufaha bovu nalo huwaharibu wenzake, kwa gesi hiyohiyo na kwa ukungu.

Tufaha la dukani mwezi Juni limewezaje, basi? Limelala kwenye ghala lililofungwa bila kupitisha hewa, oksijeni imepunguzwa hadi asilimia chache, kwa mbinu iliyotokana na utafiti wa Franklin Kidd na Cyril West huko Cambridge miaka ya 1920. Linaweza kuwa na miezi tisa na bado likaliwa vizuri. Sioni ubaya wake, ila harufu hupotea.

Kila msimu kuna anayetaka kukata kijiti cha Honeycrisp akakipande Lushoto, Njombe au Limuru. Asifanye hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, baka la moto, ugonjwa wa bakteria uliotokea Amerika Kaskazini na unaoacha matawi kama yaliyounguzwa, husafiri ndani ya vijiti hivyo. Kuingiza mmea bila kibali na cheti cha afya ya mimea ni kosa kisheria Kenya na Tanzania. Pili, aina za New England zinahitaji takriban saa 1,000 za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 ili matumba yaamke, na baridi hiyo milima yetu haina. Aina ya Anna, iliyozalishwa Israel, hutosheka na saa 200 hadi 300. Wakulima wa Batu, huko Java, hawana majira ya baridi hata kidogo, nao hunyonyoa majani yote kwa mkono baada ya mavuno ili kuushtua mti uchanue tena. Atakayejaribu Anna aweke aina nyingine, Dorsett Golden, jirani yake, kwa kuwa zote mbili huchanua wakati mmoja, na Anna ikiwa peke yake huzaa kwa shida.