Kazi ya Wengi Katika Sinema ya Safari za Anga

Sinema inapokwisha, majina ya watu walioitengeneza huanza kupita kwenye kiwambo, na wakati huo huo watazamaji huinuka na kuelekea mlangoni. Ni wachache mno wanaobaki kuyasoma. Ndiyo sababu sinema hutajwa kwa jina la mwigizaji mkuu au la mwongozaji wake, kana kwamba mtu mmoja aliitengeneza peke yake. Desturi hii hupotosha zaidi katika sinema za hadithi za kubuni za kisayansi. Katika sinema hizo chombo cha angani, mavazi ya wasafiri na hata anga lenyewe havipo mpaka mtu fulani avifikirie, avichore, avijenge na kuvipiga picha.

Mfano mmoja unatosha kueleza jambo hili. Mwezi Aprili 1968 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, huko Marekani, sinema iitwayo 2001: A Space Odyssey, iliyoongozwa na Stanley Kubrick. Kazi ya kuipiga picha ilianza Uingereza mwezi Desemba 1965. Wakati huo binadamu alikuwa hajakanyaga Mwezi. Wala hapakuwa na mtu aliyewahi kuiona dunia yote kwa macho yake kutoka mbali. Jambo hilo lilitokea Desemba 1968, wanaanga wa Apollo 8 walipouzunguka Mwezi. Kwa hiyo waliotengeneza sinema hii walitakiwa kuonyesha mambo ambayo hapana mtu aliyekuwa ameyaona, na kuyaonyesha kwa namna ambayo mtaalamu asingeicheka.

Wenye kufikiri na wenye kuchora

Kubrick alianza kwa kutafuta mwenzake wa kuandika hadithi. Mwaka 1964 alikutana mjini New York na Arthur C. Clarke, mwandishi Mwingereza aliyekuwa akiishi Ceylon, nchi ambayo sasa huitwa Sri Lanka. Clarke hakuwa mtunzi wa hadithi tu. Mwaka 1945 alikuwa ameandika makala yaliyoeleza jinsi setilaiti zilizowekwa katika kimo maalumu juu ya ikweta zingeweza kupeleka mawasiliano ya redio duniani kote, na jambo hilo lilikuja kutimia.

Lakini hadithi haielezi kiti cha rubani kina umbo gani, wala swichi zinapangwa vipi. Kwa ajili hiyo waliajiriwa Frederick Ordway na Harry Lange, watu wawili waliokuwa wamefanya kazi pamoja na wataalamu wa roketi wa shirika la anga la Marekani, NASA. Ordway alikusanya maarifa kutoka kwa makampuni na taasisi nyingi, na Lange akachora vyombo. Tony Masters, msanifu wa mandhari, aliigeuza michoro hiyo kuwa vyumba na korido za kujengwa kwa mbao, chuma na plastiki. Hardy Amies, mshonaji mashuhuri wa London, alibuni mavazi. Marvin Minsky, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, alitoa ushauri kuhusu mashine zinazofikiri. Kila mmoja wao alijua jambo ambalo wenzake hawakulijua.

Gurudumu la tani 30

Tatizo la kwanza lilikuwa uzito. Chombo kisafiripo angani injini zake zikiwa zimezimwa, watu na vitu vilivyomo huelea. Fizikia huonyesha njia ya kuliondoa tatizo hilo: chumba kikiwa na umbo la gurudumu nacho kikazunguka, ukuta wake humsukuma msafiri kuelekea kitovuni, naye huhisi uzito nyayoni mwake kana kwamba amesimama ardhini. Mwanafunzi aweza kukadiria kasi inayotakiwa. Mchapuko ni sawa na nusukipenyo mara kipeo cha pili cha kasi ya kuzunguka. Ikiwa nusukipenyo ni kama mita 6, ili kupata mchapuko wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, sawa na ule wa duniani, gurudumu halina budi kuzunguka kiasi cha mara 12 kwa dakika.

Kampuni ya wahandisi ya Vickers-Armstrongs ililijenga gurudumu hilo kweli kweli. Kipenyo chake kilikuwa futi 38, yaani karibu mita 11.6, na uzito wake kama tani 30. Ndani yake mlikuwa na meza, vitanda na mitambo, na ilikuwa lazima kila kitu kifungwe imara kisianguke. Hata hivyo lilizunguka polepole tu, kwa kilometa 5 hivi kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea. Mizunguko yake ilikuwa kama 2 kwa dakika, si 12. Sababu ni kwamba gurudumu lilisimama duniani, na uzito wa waigizaji ulitokana na uvutano wa dunia wenyewe. Mwigizaji alibaki chini daima, mfano wa mtoto anayetembea ndani ya pipa linaloviringika. Kamera ilipofungwa kwenye gurudumu likazunguka nalo, watazamaji walikiona chumba kimetulia na mtu akipanda ukutani mpaka darini.

Katika tukio moja mwigizaji Gary Lockwood alifungwa kwenye kiti kichwa chini miguu juu, huku mwenzake Keir Dullea akitembea kumwendea. Hayo yalihitaji mhandisi wa kukisia nguvu za chuma, fundi wa mota, fundi wa taa na mpiga picha. Kubrick mwenyewe aliyatazama kutoka nje kwa njia ya televisheni.

Si kila tatizo lilihitaji tani 30 za chuma. Katika tukio jingine kalamu inaonekana ikielea mbele ya abiria aliyelala, kisha mhudumu anaidaka. Kalamu hiyo ilikuwa imebandikwa kwa gundi kwenye bamba la kioo safi lililozungushwa taratibu mbele ya kamera. Mhudumu aliibandua tu.

Afrika ndani ya jengo la Uingereza

Sehemu ya kwanza ya sinema inawaonyesha mababu wa binadamu wakiishi katika nyika ya Afrika. Waigizaji hawakutoka Uingereza. Wapiga picha walitumwa katika Jangwa la Namib, katika nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Kusini-Magharibi na ambayo leo ni Namibia, wakaleta picha kubwa za miamba, mabonde na mapambazuko. Picha hizo zilitupwa kwenye kiwambo kipana nyuma ya waigizaji kwa njia ambayo yafaa kuelezwa darasani.

Projekta iliwekwa kando ya kamera, na mbele ya kamera kikawekwa kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, chenye kuakisi sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu nyingine. Mwanga wa projekta uligonga kioo hicho ukaelekea kwenye kiwambo ukifuata mstari ule ule wa lenzi ya kamera. Kiwambo nacho kilipakwa vishanga vidogo mno vya kioo, vya aina inayotumika katika alama za barabarani. Vishanga hivyo huurudisha mwanga kule kule ulikotoka, hivyo kamera iliiona picha iking'aa sana. Mwanga uliowaangukia waigizaji ulitawanyika kila upande, usionekane. Vivuli vyao viliwaangukia sawasawa nyuma yao, na kamera haikuweza kuviona.

Katika tukio moja yumo chui, na macho yake yanang'aa kama makaa. Hapana fundi aliyeyapaka kitu. Jicho la chui, kama la paka au la ng'ombe, lina utando nyuma yake unaorudisha mwanga, nalo lilifanya kazi ile ile ya vile vishanga. Mwanafunzi aweza kulihakikisha jambo hili usiku: ashike tochi karibu kabisa na jicho lake na kuimulika akisi ya nyuma ya baiskeli iliyo mbali. Kisha aisogeze tochi mbali na kichwa chake, ataona mng'ao unafifia.

Hao mababu wa binadamu walikuwa waigizaji waliovaa ngozi na vinyago vilivyotengenezwa na Stuart Freeborn na wasaidizi wake. Ilipasa vinyago hivyo viweze kufungua midomo, na waigizaji waliviendesha kwa ulimi. Daniel Richter, bingwa wa maigizo ya bila maneno, alikwenda kuwatazama sokwe katika bustani ya wanyama, akajifunza mwendo wao, kisha akawafundisha wenzake.

Subira ya wapiga picha

Vyombo vinavyoonekana vikipita angani vilikuwa vielelezo. Kielelezo kikubwa cha chombo kikuu, Discovery, kilikuwa na urefu wa mita 16 hivi. Ili kitu kidogo kionekane kikubwa, lazima sehemu zake za mbele na za nyuma zionekane wazi kwa pamoja. Hilo hupatikana kwa kulibana tundu la lenzi. Lakini tundu likibanwa, mwanga unaoingia hupungua, na kila kipicha huhitaji muda mrefu zaidi. Sinema huonyesha vipicha 24 kwa sekunde. Ikiwa kila kipicha kitahitaji sekunde 4, tukio la sekunde 10, lenye vipicha 240, litachukua dakika 16 za kupiga picha mfululizo, huku mota ikisogeza kamera au kielelezo polepole mno. Aidha nyota, watu wanaoonekana madirishani na chombo chenyewe vilipigwa kwa nyakati mbalimbali juu ya utepe ule ule wa filamu, na mara nyingine utepe ulihifadhiwa miezi mingi kabla ya kurudishwa kwenye kamera. Kosa dogo la mtu wa mwisho lilifuta kazi ya wote waliomtangulia. Matukio ya namna hii yalikuwa kiasi cha 200.

Wasimamizi wa kazi hii walikuwa wanne: Wally Veevers, Douglas Trumbull, Con Pederson na Tom Howard. Trumbull alikuwa na miaka 23 tu alipofika Uingereza. Ndiye aliyebuni mtambo uliosogeza kamera kuelekea mwanya mwembamba wenye michoro nyuma yake, na kwa mtambo huo yakapatikana mapito ya mwanga yanayoonekana mwishoni mwa sinema. Pia alishiriki kutengeneza picha za viwambo vya kompyuta. Viwambo hivyo havikuwa na kompyuta yoyote nyuma yake. Kulikuwa na projekta ndogo zilizoonyesha michoro iliyotengenezwa kwa mkono.

Wako pia waliofanya kazi ya hatari. Mwanaanga anayeonekana akielea nje ya chombo ni Bill Weston, aliyetundikwa kwa waya juu sana, bila wavu chini yake. Kamera iliwekwa chini ikimtazama juu, ili mwili wake uzifiche waya. Na sauti ya kompyuta HAL ni ya Douglas Rain, mwigizaji wa Kanada, aliyerekodi maneno yake baada ya waigizaji wengine kumaliza kazi.

Mipaka ya ustadi

Si kila jambo lilifanikiwa. Safari ilikusudiwa kwanza kuishia kwenye sayari ya Zohali, lakini mafundi hawakuweza kuzitengeneza pete zake zikaaminika, hivyo safari ikaelekezwa Mshtarii. Katika kitabu cha Clarke imebaki Zohali. Milima ya Mwezi ilitengenezwa yenye ncha kali, kama wengi walivyoidhania, ilhali picha zilizoletwa na wanaanga baadaye zilionyesha milima iliyolainika. Na baada ya maonyesho ya kwanza Kubrick, pamoja na mhariri Ray Lovejoy, aliondoa kiasi cha dakika 19. Kazi ya siku nyingi ya mafundi ilitupwa ili sinema yenyewe iwe bora.

Nani apewe sifa?

Mwaka 1969 sinema hii ilipata tuzo moja ya Oscar, ile ya picha za ustadi maalumu. Jina lililoandikwa kwenye tuzo hiyo lilikuwa moja tu: Stanley Kubrick. Hapana shaka aliistahili, kwa sababu ndiye aliyeziongoza kazi hizo na kuzikataa zilizopungua. Lakini tuzo hiyo haikusema habari yote. Wasimamizi wanne hawakutajwa, sembuse maseremala, wachoraji na wasaidizi wa kamera. Kwa kulinganisha, sinema ya Star Wars ya mwaka 1977 ilipopata tuzo ya aina hiyo hiyo mwaka 1978, waliopewa walikuwa watu watano.

Jambo hili lina maana kubwa kuliko sinema. Vijana wengi huacha kusoma sayansi kwa kudhani kwamba ni kazi ya mtu mmoja mwenye akili za ajabu, nao hawajioni kuwa mtu huyo. Historia ya sinema hii yaonyesha vingine. Gurudumu lilihitaji mhandisi na mchomelea vyuma. Nyika ya Afrika ilihitaji mjuzi wa mwanga na mshona ngozi. Anga lilihitaji kijana mwenye subira mbele ya kamera. Hata aliyebandika kalamu kwenye kioo alikuwa na nafasi yake.

Mwalimu atakayeionyesha sinema ya namna hii kwa wanafunzi wake asiizime majina yanapoanza kupita. Afadhali awaulize, kwa kila kazi iliyotajwa, ni somo gani la darasani linaloielekea.