Msimamizi au Shahidi? Mlutheri Anapoombwa Kusimamia Ubatizo wa Mtoto wa Kikatoliki

1. Utangulizi

Katika Buhaya, zikiwamo wilaya za Bukoba na Muleba, si jambo geni kuwakuta Wakatoliki na Walutheri katika ukoo mmoja, na hata chini ya paa moja. Wamisionari wa Afrika, waitwao pia White Fathers, walifika Bukoba mwaka 1892. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910, wakawakuta Wahaya ambao tayari walikuwa wameipokea Injili kutoka Uganda. Tangu hapo madhehebu haya mawili yamekaa jirani, na vijana wao wameoana.

Tuchukue mfano. Binti wa nyumba ya Kilutheri ameolewa na Mkatoliki huko Kaagya. Mtoto amezaliwa, na wazazi wamekubaliana abatizwe katika parokia ya baba. Kwa heshima wanamwomba mjomba wa mtoto, mzee wa usharika wa Kilutheri, awe msimamizi. Parokia inajibu kwamba mjomba hawezi kuwa msimamizi. Aweza kuwa shahidi tu. Mjomba anamwendea mchungaji wake akiwa amefedheheka, naye anauliza: "Je, ubatizo wangu si ubatizo?" Makala hii inakusudia kumsaidia mchungaji kujibu swali hilo kwa haki na kwa upendo.

2. Asili ya usimamizi

Agano Jipya halitaji wasimamizi wa ubatizo. Huduma hii ilikua Kanisani kidogo kidogo. Karibu na mwaka 200 Tertuliano wa Karthago aliwataja katika kitabu chake juu ya ubatizo, naye alihofu kwamba wanajitia hatarini: waweza kufa kabla ya kutimiza ahadi, au mtoto aweza kukua na tabia mbaya. Ni dhahiri kwamba tangu mwanzo usimamizi ulihesabiwa kuwa dhamana nzito.

Agostino, katika barua yake kwa Askofu Bonifasi, anaeleza kwamba mtoto haletwi na mikono inayombeba tu, bali na jamii yote ya watakatifu. Anataja pia watoto waliotupwa, ambao waliokotwa na mabikira waliowekwa wakfu na kuletwa nao kwenye ubatizo. Hapa tunaona mambo mawili: msimamizi husimama kwa niaba ya Kanisa, na mtoto asiye na wazazi hakosi watu wa kumleta.

Luther naye aliuhifadhi usimamizi. Katika dibaji ya kitabu chake kidogo cha ubatizo cha mwaka 1526 alisisitiza kwamba wasimamizi wawe watu wa adabu na wacha Mungu, wala wasichaguliwe watu ovyo. Kwa hiyo suala la kumchagua msimamizi afaaye ni urithi wetu pia.

3. Sheria ya Kanisa Katoliki

Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 (kanuni 872 hadi 874) yaagiza hivi: msimamizi aweza kuwa mmoja, mwanamume au mwanamke, au wawili, mmoja wa kila jinsia. Awe amechaguliwa na wazazi au walezi, awe na nia na uwezo wa kazi hiyo, na awe ametimiza umri wa miaka 16, isipokuwa askofu ameweka umri mwingine au paroko ameona sababu ya haki. Awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, aishiye maisha yapatanayo na imani; asiwe chini ya adhabu ya Kanisa, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Mkristo aliyebatizwa katika jumuiya isiyo ya Kikatoliki aweza kukubaliwa pamoja na msimamizi Mkatoliki, lakini kama shahidi. Jina lake huandikwa katika kitabu cha ubatizo.

Mwongozo wa Ekumene uliotolewa na Roma mwaka 1993 unaeleza sababu. Msimamizi hatwai wajibu kama jamaa au rafiki tu. Yeye ni mwakilishi wa jumuiya ya imani ambamo mtoto anabatizwa. Mwongozo huo huo unamruhusu Mkatoliki naye awe shahidi katika ubatizo wa jumuiya nyingine.

Basi jibu kwa mjomba ni hili: ubatizo wake haukukanwa. Asiyebatizwa hawezi hata kuwa shahidi kwa maana hiyo ya kanuni. Zaidi ya hayo, sheria hii inailinda dhamiri yake. Je, Mlutheri mwaminifu aweza kuahidi mbele ya madhabahu kwamba atamlea mtoto katika mafundisho yote ya Kanisa Katoliki? Akiahidi bila kukusudia, anasema uongo mahali patakatifu. Shahidi hadaiwi ahadi hiyo. Anashuhudia kwamba mtoto amebatizwa kwa jina la Utatu, na hilo aweza kulishuhudia kwa moyo wote, maana ubatizo ni mmoja (Efeso 4:5).

4. Udugu, mali na yatima

Wahaya walijua namna ya kufanya udugu na mtu asiye wa ukoo. Katika omukago watu wawili walichanjana na kula buni iliyopakwa damu, na tangu hapo kila mmoja alikuwa na wajibu juu ya nyumba ya mwenzake. Askofu Josiah Kibira aliitafakari mahusiano ya Kanisa na ukoo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Watu wetu wanapomwita msimamizi "baba wa ubatizo" hawatumii neno tupu; wanafanya ndugu.

Hapo pana hazina, na pana hatari. Hatari ni kumchagua msimamizi kwa sababu ya gari lake au cheo chake, ili mtoto apate ada ya shule. Msimamizi wa namna hiyo huonekana siku ya karamu, kisha haonekani tena. Hazina tuliiona katika miaka ya msiba. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera, na baadaye nyumba nyingi zilibaki na watoto na bibi zao. Hofu ya Tertuliano ilitimia kwetu, kwa wazazi na kwa wasimamizi pia. Kwa hiyo mzazi anapochagua, hana budi kujiuliza: nikifa, ni nani atakayemshika mwanangu mkono na kumpeleka kanisani?

5. Ushauri wa kichungaji

Kwanza, mchungaji awafundishe wachumba wa ndoa mseto mambo haya mapema, kabla mtoto hajazaliwa. Pili, awasiliane na paroko, ili jamaa asije akajulishwa mlangoni mwa kanisa. Tatu, Mlutheri asiufiche ushirika wake ili akubaliwe kuwa msimamizi. Nne, wazazi wamtafute Mkatoliki mcha Mungu, hata akiwa maskini, asimame pamoja na shahidi. Nao wawili wajuane na kumwombea mtoto. Tano, tujichunguze sisi wenyewe: je, katika sharika zetu tunawauliza wasimamizi lolote zaidi ya majina yao?

Mjomba wa Kaagya aende, asimame, na aandikwe kuwa shahidi. Ujomba wake haukupunguzwa na kanuni yoyote. Mtoto atakapouliza kama alibatizwa kweli, awepo wa kumjibu: nilikuwapo, niliona.