Mwalimu Anayejua Sababu ya Kuchelewa

Kule Igembe, kaunti ya Meru, miraa huchumwa alfajiri, kwa sababu ikinyauka bei huanguka. Jua likichomoza vijana wameshapanda miti, na kabla ya adhuhuri pikapu zimetoka Maua zikikimbilia Nairobi. Upande wa Mbeere, kaunti ya Embu, zao ni muguka, lakini hadithi ni ileile. Miongoni mwa wachumaji wamo wavulana ambao majina yao yamo kwenye rejista ya Gredi ya Nane. Wakifika shuleni huwa ni saa nne, macho mekundu, na noti mfukoni.

Mwalimu anayempokea mvulana kama huyo mlangoni ana njia mbili. Ya kwanza tunaijua sote: piga magoti hapo nje, kesho uje na mzazi. Ya pili inamtaka mwalimu awe anajua nani anamlea kijana huyu, shamba ni la nani, na nyumbani watakula nini asipokwenda kuchuma. Mwalimu anayejua hayo humwambia, "Keti kwanza. Saa ya chakula uje tuongee." Kumfukuza ni kumkabidhi kwa mwenye miraa, ambaye hamuulizi lolote na humlipa siku hiyohiyo.

Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikalikazia katazo hilo. Mwaka huohuo wa 2001, jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza vurugu za wanafunzi lilitaka huduma ya ushauri nasaha iimarishwe. Shule nyingi zikateua mwalimu wa ushauri. Ila tazama ratiba yake: ana vipindi kama wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, na mara nyingi yumo pia katika kamati ya nidhamu. Asubuhi anamwambia msichana, "Niambie, mwanangu, siri yako iko salama." Alasiri ndiye anayeketi mezani kuamua msichana huyo asimamishwe wiki mbili au la. Watoto huliona jambo hilo upesi kuliko sisi. Hawaendi ofisini kwake, kisha tunasema watoto wa siku hizi hawasemi.

Meru ina sababu ya kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Usiku wa Julai 13, 1991, katika shule ya mseto ya St. Kizito huko Tigania, wavulana waliwavamia wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Hofu ilikuwa imewafanya wasichana wajikusanye katika bweni moja. Yaani walijua. Kila ninapokumbuka usiku ule hurudia jambo hilo: watoto walioiona hatari ikija, wakakimbiliana wao kwa wao.

Naye mwalimu hawezi kutoa utulivu asio nao. Sekondari Msingi ilipoanza mwaka 2023, madarasa mengi yaliangukia mikononi mwa walimu vibarua waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, mmoja akibeba masomo ambayo hata hakuyasomea. Mei 2024 waligoma. Sishangai. Asiyejua kama atakuwa hapo Januari ijayo atayajulia wapi mambo ya nyumbani kwa mtoto? Kulijua darasa huchukua mihula, na mwalimu aliyehakikishiwa kazi ndiye anayeweza kuipata mihula hiyo.

Vyuo vya ualimu vya Meru, Egoji na Kigari viko hapahapa, na vinaweza kumfundisha mwanagenzi kuongea na mtoto kwa uzito uleule wa kuandaa somo. Hilo litachukua muda. Lakini kumtoa mwalimu wa ushauri katika kamati ya nidhamu, kumpunguzia vipindi viwili au vitatu na kumpa chumba chenye mlango unaofungika ni mambo ambayo mwalimu mkuu anaweza kuyafanya muhula huu bila kusubiri barua kutoka Nairobi.