Goma na Bukavu: Mbele ya kuziba tundu la ukuta, tafuta kwanza chanzo chake

Katika nyumba nyingi za Goma na Bukavu, kuta za ndani zina matundu na nyufa. Mengine yaliachwa na misumari, mengine na fundi wa umeme aliyepitisha waya kisha akaenda bila kuziba. Lakini kuna pia nyufa zilizoletwa na mitetemeko ya ardhi, na hizo familia nyingi huzifunika kwa simenti na rangi, kisha huzisahau. Simenti inaficha ufa, lakini haizuii ukuta kutembea.

Wakaaji wa Goma wanajua jambo hilo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi, na kuta zikapasuka hata mahali ambapo lava haikufika. Bukavu nayo inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililobomoa nyumba na kuua watu. Tena huko, nyumba zilizojengwa kwenye miteremko zinaweza kupasuka hata bila tetemeko, kwa sababu udongo wenyewe unateleza.

Ufa gani ni wa kuogopa?

Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye krepi peke yake, mara nyingi si hatari. Lakini mwite maso mwenye uzoefu ukiona ufa unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, unaoonekana pande zote mbili za ukuta, au unaoweza kuingiza ncha ya kidole kidogo. Mlango uliofungika vizuri jana na leo unakwama, nao ni alama ya kuangalia.

Kuna kipimo kisicho na bei. Weka alama ya kalamu kwenye ncha mbili za ufa na uandike tarehe. Kisha bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, kwa simenti kidogo kila upande. Kioo kikivunjika baada ya siku au majuma, ukuta bado unatembea. Usizibe, na usiweke kitanda cha watoto karibu na ukuta huo mpaka fundi auone.

Namna ya kuziba

Kama ukuta ni wa matofali au bloki na hautembei, kazi ni rahisi. Kama waya wa umeme unapita hapo, kata umeme kwanza. Ondoa krepi yote inayolegea, hata kama tundu litakuwa kubwa zaidi, na upanguse vumbi. Lowesha tundu kwa maji, kwa kuwa ukuta mkavu hunywa maji ya simenti na kiraka huanguka.

Changanya kipimo 1 cha simenti na 3 au 4 vya mchanga safi. Ili kuupima mchanga, utie ndani ya chupa ya maji, utikise, uache utulie: ukiona tabaka nene la matope juu, uoshe kwanza. Tundu refu lijazwe kwa tabaka mbili au tatu, si mara moja. Kiraka kinyunyiziwe maji kwa siku chache, na rangi ingoje majuma kadhaa.

Ukuta wa udongo hautaki simenti, maana haishikamani nao na baadaye hutoka kama ganda. Tumia udongo uleule uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa. Na kama tundu lina unyevu, tengeneza bati linalovuja mbele ya ukuta.

Mpangaji naye amwonyeshe mwenye nyumba ufa mbele ya kuugusa, na abaki na picha yenye tarehe. Itamsaidia siku ya kudai garanti yake. Na baada ya kila tetemeko, zunguka vyumba vyote, uangalie tena alama zako za kalamu.